Asubuhi Mwili wa Kaka Ulipokataa

Idd ile tulikula nyumbani kwa mama, Gazi. Kaka yangu, aliyekuwa mlinzi wa lango katika hoteli moja ya Diani, alikuwa amepata ruhusa, na mama akampikia kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali: pilau ya mbuzi, tambi za sukari, kaimati. Alikula, akaongezewa, akalala papo hapo chumba cha mbele.

Asubuhi akaniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kwa hiyo sikuharakisha.

"Dada, hebu niinue."

"Inuka mwenyewe, mtu mzima wewe."

"Siwezi. Miguu hainitii. Mikono nayo."

Nilidhani ananifanyia mzaha, nikamfinya paja. "Aa! Waniumiza," akasema. Alihisi kila kitu, ila hakuweza kusogeza hata kidole cha mguu. Niliuinua mkono wake nikauachia, ukaanguka kama nguo iliyolowa.

Mama alikuja hadi mlangoni, akamtazama, akarudi nyuma. Majirani walioingia wakasema: kapandwa na pepo, aitwe mganga. Mimi nilikwenda kuita tuk-tuk. Wakatusaidia kumbeba, nikamlaza kichwa mapajani mwangu, mama akakaa mbele na dereva, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa msichana wa bara. Alimwunganisha kaka na mashine ya moyo, akamtoa damu, kisha akamwuliza jana alikula nini. Swali hilo lilinikera. Majibu ya damu yaliporudi akaniita kando.

"Potasiamu yake iko chini sana, dada."

"Imekwenda wapi? Hajatapika, hajaharisha."

"Haijatoka. Imeingia ndani ya misuli."

Akanieleza polepole. Kila seli imezungukwa na utando, na kwenye utando huo mna vilango vya protini, hiki cha sodiamu, kile cha potasiamu. Mna na pampu, nazo ni protini, zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani bila kupumzika. Msuli ukitaka kukunjika, vilango hufunguka, chumvi hupita, na umeme hukimbia.

"Huyu nadhani amezaliwa na kilango kinachovuja," akasema. "Mtu akila wanga na sukari nyingi, insulini huzihimiza pampu, potasiamu ikaingia kwenye seli kwa wingi, kwenye damu ikabaki kidogo. Wewe na mimi hatutajua. Yeye misuli yake inazima."

"Na moyo?"

"Ndiyo maana nimemwekea mashine."

Walimnywesha dawa ya potasiamu, chungu, akiikunjia uso. Adhuhuri vidole vilianza kucheza. Alasiri akasimama, akiwa amenishika bega, akacheka. Mimi nililia.

"Ugonjwa huu hurithiwa," daktari akasema. "Kuna mtu kwenu aliyewahi kuwa hivi?"

Nikasema hakuna.

"Baba yao," mama akasema.

Hapo ndipo nilipoisikia habari ya babaangu. Alikuwa mkulima wa Waa. Baadhi ya asubuhi, hasa baada ya siku ya jembe na chakula kizito cha usiku, alibaki kitandani akisema mwili umekataa. Mchana watu walimwona anatembea. Wajomba zangu wakasema huyo ni mvivu, hulemaa kazi ikiwapo na hupona mezani. Mama akachoka kuchekwa. Akadai talaka, akatuchukua, akarudi kwao Gazi. Baba alikufa peke yake Waa, akakutwa asubuhi kitandani. Sisi tulikuwa tungali wadogo, tukaambiwa ni homa.

"Daktari," mama akauliza, "angelikunywa dawa hii, naye angeliinuka?"

"Mama, wakati ule pengine hata hospitali wasingejua."

"Sikukuuliza hilo, mwanangu."

Daktari akamgeukia. "Ndiyo, mama. Huenda angeinuka."

Mama alimshukuru, akajifunga buibui lake vizuri, akatoka kwenda kukaa nje.

Kaka sasa anameza vidonge na wali anaupima kwa kijiko. Alimweleza mkubwa wake wa kazi ukweli wote, akidhani atahurumiwa, na mkataba wake ulipoisha haukufanywa upya. Anaotesha miche ya mikoko pamoja na kikundi cha kijiji, kazi asiyoipenda. Mama hakumtaja baba tena, lakini nyumbani kwa wajomba haendi, hata kukiwa na arusi.

Kaka ana binti anayesoma shule ya msingi. Daktari alisema huenda amerithi, huenda hakurithi, na mara nyingi dalili husubiri mtu akaribie utu uzima. Mtoto hajui lolote. Kila asubuhi, kabla mama yake hajamwita kwenda shule, kaka husimama mlangoni mwa chumba cha mtoto, akimtazama, mpaka amwone anageuka kitandani.