Ngozi Chini ya Kiti cha Bibi

Wiki iliyopita mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, alipandisha gari lake kwenye jeki uani kwetu hapa Mandewa, akafungua kopo la grisi. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani nachambua mchicha. Upepo ukaniletea ile harufu, nzito, yenye chuma ndani yake, na mikono yangu ikasimama yenyewe. Kijana wa watu hajui kwamba grisi kwangu mimi ni harufu ya bibi yangu mzaa mama. Mabibi wa wenzangu walinukia moshi na ugoro. Wangu alinukia gari, na ngoja niwaambie ilikuwaje.

Tulikuwa tunakaa Kinampanda, enzi zile Mwingereza bado anatawala na barabara zetu zinasawazishwa kwa majembe ya mkono kila mvua zikiisha. Baba aliwahi kuendesha malori jeshini wakati wa vita. Alirudi na koti moja, kikohozi, na ujuzi wa magari ambao kwa miaka mingi haukuwa na kazi, kwa sababu magari yenyewe hayakuwepo. Kisha Mhindi mmoja mwenye duka akahama, akamwachia baba gari lake kuukuu la rangi ya majivu, lenye milango minne ambayo miwili tu ilikubali kufunguka.

Gari lile lilikuwa na tabia zake. Lilivuta kulia kama ng'ombe aliyezoea upande mmoja wa jembe. Usukani ulizunguka bure kwanza, ndipo magurudumu yakakumbuka kwamba yameambiwa kitu. Na ukikaa nyuma, kila shimo la barabara lilikupanda mpaka kwenye meno. Sisi watoto tulilipenda hivyohivyo. Mama hakulipenda, lakini alikuwa na haja nalo.

Haja yake ilikuwa bibi. Bibi alikuwa anaishi peke yake Mtinko tangu babu alipofariki, na magoti yalikuwa yamemwisha. Hakuweza tena kwenda kisimani. Nyumba yake ilikuwa ya tembe, ya paa la udongo, na mchwa walikuwa wamekula nguzo mpaka paa likaanza kuinama upande wa jikoni. Mama ndiye mtoto pekee aliyebaki. "Masika haya hayatamkuta mama yangu chini ya udongo ule," alimwambia baba, akasema mara moja tu, na kwa mama mara moja ilikuwa inatosha.

Basi tukaenda kumchukua, baba, mama na mimi. Nilikuwa na kazi yangu maalumu katika safari hiyo. Baba na bibi hawakuwa wanaongea ana kwa ana, wala kutazamana usoni, kwa heshima ya ukwe. Wakiwa na la kuambiana lilipitia kwangu, hata kama kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa. "Damari, mwambie bibi tumefika." "Damari, mwambie baba yako nimesikia." Niliona ni mchezo wao, nami niliuchezesha kwa maringo yote ya mtoto wa miaka tisa aliyekabidhiwa cheo.

Bibi aliketishwa nyuma ya baba, ili asione ila kisogo chake, nami nikakaa pembeni yake. Mama akakaa mbele. Baba akainua mkono, akakigeuza kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma kikaelekea darini. Nilidhani kimelegea.

Hatukufika mbali. Nyumba za Mtinko zilikuwa bado zinaonekana gari lilipovuta kulia, baba akazungusha usukani, usukani ukazunguka bure, na gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni. Bibi akaruka kutoka kwenye kiti. Alimwangukia baba kwa nyuma, mikono yake miwili ikamzunguka shingoni, shavu lake likakaa kwenye kisogo chake, na shuka aliyojifunika kichwani ikadondoka juu ya usukani. Mimi nilicheka. Nilicheka peke yangu.

"Mama, umeumia?" mama akauliza.

"Nishusheni," bibi akasema.

"Goti, mama?"

"Nishusheni."

Mama akamtegemeza, wakarudi polepole kwa miguu mpaka kwenye tembe, bibi amejifunika shuka mpaka machoni. Baba alibaki amesimama kando ya gari, ametupa mgongo, anatazama mawe ya kilimani kana kwamba ana kazi nayo. Jioni, watu wa Mtinko waliokuwa wakitazama walipokwisha kutusukumia gari kutoka mtaroni, mama alirudi peke yake na jibu: bibi hapandi tena gari hilo, na afadhali paa limdondokee. Njia nzima ya kurudi mama alilia kimyakimya, na baba alikuwa anapambana na usukani. Tulipoingia Kinampanda ndipo akasema, "Nitalitengeneza."

Kesho yake, kabla hajashika spana, alichagua beberu mmoja mweupe zizini akampa mama. Mama akamswaga mpaka Mtinko, akifuatana na watu waliokuwa wanakwenda mnadani. Ndipo baba akaliinua gari juu ya vigogo nyuma ya zizi, akalala chini yake, na kwa siku nyingi sisi tulimjua kwa miguu tu.

Mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani. "Kushoto," sauti ilitoka chini. "Rudisha. Polepole, mama, si jembe hilo." Nilikuwa nazungusha naye anatazama ni kiungo gani kinachocheza bila kusukuma kingine. Kilichocheza alikikaza, kilicholika alikivua akakaa nacho usiku kucha mawazoni. Vitundu vya kupitishia grisi vilikuwa vimezibwa na tope lililogeuka jiwe. Tulivizibua kwa miiba ya mgunga, na grisi mpya ilipoingia ndani, ya zamani ikatoka upande wa pili nyeusi na kavu, baba aliniita nije nione, akafurahi kama amempata ndama.

Kisha akapima magurudumu ya mbele kwa bua la mtama. Alilipitisha kati yake kwa mbele, akalikata likatosha, halafu akalijaribu kwa nyuma. Likagoma kuingia. "Unaona?" akasema. "Linatembea limetanua vidole nje. Litashikaje njia?" Akakizungusha kile chuma kirefu kinachoyaunganisha magurudumu, akapima, akazungusha tena, mpaka vidole vikatazama ndani kidogo. Na gurudumu la kulia lilikutwa halina upepo wa kutosha, wakati lile la kushoto limejazwa mpaka limekuwa gumu. Hiyo peke yake baba aliitukana kwa Kiswahili cha jeshini, kisha akaniomba nisimwambie mama.

Kazi kubwa ilikuwa springi za nyuma. Zilikuwa vyuma vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kutu ilikuwa imevishikanisha vyote vikawa chuma kimoja kisichokubali kupinda. Baba alivitenganisha, tukavisugua kwa mchanga na majivu, akavipaka grisi katikati. Pale vinapofungwa kwenye gari aliweka vipande alivyovichonga kutoka kwenye tairi bovu la lori. Vikaanza kupinda. Lakini vumbi la kwetu Iramba mnalijua. "Wiki mbili hizi," baba akasema, "na kutu itarudi." Akakaa anavitazama.

Siku hiyo ndiyo mama alirudi kutoka Mtinko. Kichwani alikuwa amebeba ngozi ya yule beberu mweupe, imekunjwa vizuri, imeshasuguliwa na kulainishwa kwa mafuta ya nyonyo, maana bibi alikuwa fundi wa ngozi tangu usichana wake. Mama aliiweka mbele ya baba bila maelezo.

Nilimwuliza baba kwa nini tumetoa mbuzi mzima tukarudishiwa ngozi. Akacheka, mara ya kwanza tangu mtaroni.

"Ngozi inatosha, Damari. Nilikuwa naogopa kurudishiwa mbuzi."

Aliishika ngozi ile muda mrefu. Kisha akaikata vipande viwili, mama akatoboa kingo, wakazivisha zile springi na kuzifunga kwa kamba za ngozi, mithili ya kufunga kiatu, grisi ikabaki ndani na vumbi likabaki nje.

Yakafuata majaribio. Mama aliketi nyuma, mahali pa bibi, akaamriwa aweke mikono mapajani asishike kitu. Baba aliendesha barabara ya Kiomboi, akatafuta mashimo kwa makusudi, na kila akisimama alikuwa na swali moja.

"Umefika kwenye kiti changu?"

"Nimefika."

Anarudi chini ya gari. Hakuuliza kama ameumia, wala kama magoti yamegonga. Nilishangaa, kwa sababu niliamini shida yote ni goti la bibi. Mpaka mchana mmoja, mawingu ya kwanza yakiwa yameshaanza kukusanyika, baba alipita kwenye korongo lile baya kuliko yote, akasimama, akauliza. Mama akaitazama mikono yake mapajani.

"Sijafika."

Tukarudi Mtinko, tukamkuta bibi ameketi nje ya tembe, amevaa, vyungu vyake vimefungwa na kuku wamo kwenye tenga. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona tumechelewa. Safari hii mimi nilikaa mbele, mama akakaa nyuma na mama yake. Baba akageuza kioo darini, na bibi akapandishwa palepale pa mwanzo, nyuma ya kisogo kilekile. Hakuna aliyemwambia akae hapo.

Tulipokaribia ule mtaro baba alipunguza mwendo. Niliona jasho shingoni mwake. Gari lilikwenda limenyooka, usukani ukasikia, magurudumu ya nyuma yakashuka shimoni na kupanda taratibu. Nikageuka. Bibi alikuwa ameketi wima, mikono yote miwili mapajani, shuka imetulia kichwani.

"Damari," akasema. "Mwambie baba yako ngozi imekaa mahali pake."

"Baba, bibi anasema ngozi imekaa mahali pake."

Baba akajibu akitazama njia. "Mwambie bibi nimeshukuru."

Mvua ilitukuta tukiwa tumeshafika nyumbani. Bibi aliishi nasi mpaka nilipokuwa msichana mkubwa, na kila masika yakiisha alidai zile ngozi zivuliwe azipake mafuta upya kwa mikono yake, kwa hiyo grisi haikumtoka tena.

Nilipoolewa na kufundwa ndipo nilipoelewa. Goti halikuhusika kabisa. Mwanamke mzima alikuwa amemkumbatia mkwewe shingoni, mchana kweupe, watu wa kwao wakitazama, naye baba alikuwa amempa aibu hiyo kwa gari lake. Kwa mila zetu hapo baba na bibi wangeweza kukata uhusiano kabisa, na mama angebaki katikati. Yule mbuzi alikuwa ni baba kuomba radhi. Ile ngozi haikuwa desturi ya mtu yeyote. Bibi aliitunga mwenyewe, na ilisema njoo. Na baba alilala mgongoni siku zote zile, grisi inamdondokea machoni, ili mama mkwe wake aweze kukaa karibu naye bila kumgusa. Sijaona bado mtu aliyependwa kwa adabu kuliko hiyo.

Juzi mkwe wangu alimaliza kazi yake, akaniomba nipande tukalijaribu gari. Alinifungulia mlango wa mbele. Nikaupita, nikakaa nyuma yake kabisa. Tulipovuka matuta ya barabara akanitazama kwenye kioo.

"Mama, huko nyuma hupati taabu?"

Nilitafuta mtoto wa kumtuma. Hapakuwa na mtoto.

"Nimetulia, baba," nikamjibu mwenyewe. "Nenda tu."