Shangazi Alinisukumia Baiskeli

Najua utakavyoniangalia nikimaliza. Wapo walioniangalia hivyo kabla yako, na wengine ni wa nyumbani kwangu. Haya sikuhadithiwa na wala sikuyaota. Yamenikuta mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu, kwenye barabara ya Kirongwe kwenda Bweni, hapa hapa Mafia.

Wageni wanaofikia kule Ghuba ya Chole wengine huja na baiskeli zao za gia chungu nzima, wakakusimulia walivyovuka milima ya kwao kwenye barafu. Sisi Mafia hatuna mlima. Tuna kipandio kimoja ukishaipita Kirongwe, tunakiita mlima kwa kuwa hatukujaliwa kingine. Kiangazi mtoto anakipanda huku anaimba. Masika, udongo ukishakuwa uji na upepo unakupiga usoni, mwanamume mzima anashuka na kukokota.

Basi ilikuwa masika, tena masika hasa. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alikuwa ameugua homa kwa siku kadhaa. Kijiji kizima tulimwita Bi Mwalimu, maana nusu yetu ametusomesha Kurani barazani kwake, na fimbo yake tunaijua. Asubuhi ile tukaamshwa na kilio. Nikaingia, nikamwona amelala kitandani, wamemfunika kanga yake ya rangi ya machungwa. Nilimgusa mguu. Ulikuwa wa baridi, baridi ile ambayo hutaki kuielezea. Nililia, sioni aibu kusema.

Shangazi alikuwa na mtoto mmoja tu, Hamisi. Alikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, upande wa Bweni. Simu hazikushika, mtandao ulikufa tangu usiku. Bodaboda wote walikataa kwa ajili ya tope. Baba mkubwa akanitazama mimi na baiskeli yangu.

"Nenda kamlete Hamisi," akaniambia. "Tukishaswali alasiri tunazika."

"Nimwambieje?"

"Usimwambie kitu. Mwambie anaitwa nyumbani, mpakie, mlete. Ataambiwa hapa na watu wazima. Na usisimame njiani."

Ndivyo ilivyo kwetu. Aliyetumwa msiba hasimami, hapigi soga, hampi habari mtu mwingine mpaka amfikie mwenyewe. Ukimwona mtu anapita mbio kwa baiskeli bila hata kukusalimu, unajua kuna aliyefikwa, unamwombea tu.

Nikaenda. Mvua ilinipiga mpaka macho yakawa hayafunguki vizuri, na kila nikikanyaga pedeli tairi la nyuma linateleza pembeni. Nilipofika kwenye kipandio nikakazana nisishuke, maana niliona nikishuka nitachelewa na Hamisi atakosa kumtupia mama yake hata konzi moja ya mchanga. Mapaja yakawaka. Nikawa karibu kuanguka.

Hapo baiskeli ikawa nyepesi.

Mtu wa Mafia anaijua hali hiyo. Kuna msamaria kaja nyuma, kashika keria, anakusukuma. Watu wetu husaidiana hivyo. Mimi bila kugeuka nikasema, "Ahsante, ndugu yangu."

"Pole, mwanangu," ikajibu sauti.

Niamini, sauti ile ningeitambua hata ningekuwa kaburini. Miguu ilisahau kukanyaga. Baiskeli haikuanguka, ilishikiliwa. Nikageuka, na nyuma yangu alikuwa amesimama shangazi, mkono kwenye keria, kajifunika kanga ile ile ya rangi ya machungwa. Mvua ilikuwa inamwagika, na kanga ile ilikuwa kavu.

Unajua nilifanya nini? Nilisema, "Shikamoo, shangazi." Mdomo ulisema wenyewe kwa mazoea.

"Marahaba," akaitikia. "Geuza baiskeli. Rudi ukawaambie wasinitie pamba puani. Nitahema vipi na pamba?"

Haja ndogo ilinitoka. Nikajua hili ni jini, limejitia sura ya maiti wetu ili Hamisi asifike. Nikafumba macho nikaanza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti, naisoma mbio mbio, meno yanagongana.

"Umeruka," akasema. "Anza tena hapo katikati. Siku zote unaruka hapo hapo."

Na kweli nilikuwa nimeruka. Nikaanza tena. Akanifuatisha, taratibu, kwa mahadhi yake yale ya barazani, mpaka mwisho. Utasema majini nayo husoma. Najua, shehe wetu pia aliniambia. Lakini jini gani litakalojua mimi nakosea wapi tangu nina miaka saba? Nilipofumbua macho barabara ilikuwa tupu, na keria ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Sasa niambie, wewe ungefanyaje? Nikienda mbele, Hamisi anamzika mama yake. Nikirudi na huo ulikuwa uchawi, Hamisi anamkosa mama yake milele na mimi naitwa mwendawazimu. Niligeuza. Niliteremka kile kipandio na breki hazishiki, nikaanguka, nikaamka, nikaenda.

Baba mkubwa alinipokea mlangoni. "Hamisi yuko wapi?"

"Wasimtie pamba!" Nilipiga kelele mbele ya watu wote waliokaa matangani. "Wasimtie pamba, yuko hai!"

Wanaume wakanidaka. Mwanamume haingii anakooshwa mwanamke, na mimi nilikuwa naelekea huko huko. Baba mkubwa alinizaba kofi, na simlaumu. Ndipo pazia likafunguka akatoka Bi Zuhura, muoshaji. Alikuwa ameshika kipande cha pamba.

"Nani kamwambia huyu?" akauliza. "Pamba nimeitia mara mbili. Mara zote mbili imetoka yenyewe."

Bi Zuhura akarudi ndani mbio. Tukasikia anasema, "Leteni mablanketi. Leteni moto. Anahema, jamani, anahema."

Hivyo ndivyo shangazi alivyofufuka, au tuseme hivyo ndivyo tulivyokaribia kumzika mzima. Watu walilia na kucheka kwa pamoja. Wali wa matanga ukaliwa kwa furaha. Mimi nilibebwa juu juu. Katika shangwe ile hakuna hata mmoja aliyesema twende tukamwambie Hamisi. Akaambiwe nini? Msiba haupo.

Jioni ile mvua ikapumzika kidogo. Kule Bweni, Hamisi na wenzake wakaona bahari imetulia, wakaingia. Ilikuwa imetulia kwa kuwadanganya. Chombo kikapinduka. Wenzake waliogelea wakafika. Yeye aliletwa kesho yake, na kwa mara ya pili ndani ya siku mbili tukachemsha maji ya kuoshea maiti.

Hesabu yake unaiona, si lazima nikuchoree. Ningeendelea na safari yangu, saa ile Hamisi angekuwa nyumbani, ametoka makaburini kumzika mama yake.

Shangazi yupo mpaka leo. Anakumbuka yote: kipandio, mvua, hata pale niliporuka. Ila hafundishi tena. Nilikwenda kumtazama arobaini ya Hamisi ilipokwisha. Alinishika mkono, akaukamata sana.

"Ulinisikia, mwanangu, na Mungu akulipe," akasema. "Lakini laiti ningejua nakurudisha kutoka kwa nani, ningenyamaza na pamba yangu."

Nikambusu mkono, nikatoka. Usiku wa mvua bado nasikia baiskeli ikiguswa huko uani, na sitoki kutazama.

Kirongwe siku hizi msiba haupelekwi na mtu mmoja. Tunatuma wawili, kila mtu na baiskeli yake. Na wewe unayenisikiliza, ukitumwa, hata kama wanakuharakisha, hata kama mvua inanyesha na hakuna anayetaka kutoka, usikubali kwenda peke yako. Tafuta mwenzako, ili mmoja akiitwa arudi, mwingine aendelee mbele.