Spika Zilizojaribiwa Sebuleni Kwangu Kibeta

Tulikuwa watano. Mimi mwenye nyumba. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, anayeuza spika za bei kubwa katika duka moja mjini Bukoba. Mkwe wangu kutoka Muleba, mume wa kitinda mimba wangu, mwenye mitumbwi kisiwani Goziba na nyumba mpya isiyo na muziki. Mwalimu mstaafu wa Kahororo, aliyefundisha kwaya yetu ya Kilutheri miaka mingi. Mkwe wangu hanunui hata redio bila kumuuliza. Na jirani yangu Mkatoliki, tuliyepakana naye migomba. Huyo hakualikwa, aliona gari likishusha maboksi akaja. Majina yao yote ninayo, ya ubatizo na ya ukoo, na ya baba zao, ila mjukuu kanikataza kuyaandika.

Mjukuu alikuwa kwenye majaribio ya kazi. Tajiri wake alimwambia: ukiuza seti hii kabla ya Jumatatu, kazi ni yako; usipouza, seti inarudi Mwanza na wewe unarudi kwa bibi yako. Dukani bodaboda zinanguruma mlangoni, kwa hiyo akaomba sebule yangu siku ya Jumamosi. Akatundika mablanketi yangu ukutani, eti yameze mwangwi. Akasimamisha spika mbili ndefu kama makabati, na katikati ya chumba akaweka kiti kimoja.

"Bibi, muziki uko kwenye hiki kiti," alisema. "Anayenunua akae hapa tu. Akisogea hatua mbili, hasikii ninachouza."

Mkwe akaja, akanisalimia macho chini. Akaona kile kiti kinatazamana na changu. Kwetu mkwe hakai akitazamana na mama mkwe wake, basi akapita moja kwa moja akaenda kukaa koridoni, nyuma ya mlango.

"Baba, karibu kitini," mjukuu akamwita.

"Nasikia vizuri hapahapa, mwanangu."

"Huko unasikia friji," jirani akasema.

Mjukuu akaweka santuri, na Mwalimu akakikalia kiti ili kisikae bure. Akafumba macho, akasifu gitaa, akasifu besi. Lakini Mwalimu hakuwa na shida ya spika, na mwenye shida alikuwa akisikiliza mlango. Nikamwona mjukuu anatazama koridoni. Nikainuka.

"Nina senene wangu jikoni hawajakaangwa," nikasema, nikatoka.

Mkwe aliposikia kikaango kimegusa jiko, ndipo akaingia, Mwalimu akampisha kitini. Mjukuu akarudisha santuri mwanzo.

Sasa niwaambie ukweli. Ule ulikuwa muziki wa dansi wa zamani, na mimi kabla sijaokoka niliucheza sana. Mikono ikakumbuka. Senene, panzi wetu hawa wa kuliwa, wakianza kukauka hutoa mlio, na mimi nikawa nawarusha kwenye kikaango kufuata mdundo, shwaa, shwaa, bila kukusudia ubaya. Na mlango wa jikoni uko nyuma ya spika ya kushoto.

"Unasikia hayo makayamba?" nilimsikia Mwalimu akisema. "Spika ya kawaida haiwezi kukutolea kayamba namna hiyo. Mpigaji ana mkono mwepesi."

"Nasikia, Mwalimu. Ni kama yumo humu ndani."

"Kushoto."

"Tena nyuma kidogo."

Mkwe akapaza sauti nisikie: "Mama, hii seti nimeipenda. Makayamba peke yake yananitosha."

Mjukuu alikuwa ameipiga santuri ile dukani mpaka kuichoka, na hajui kayamba lolote ndani yake. Akaja jikoni, akanikuta na kikaango hewani.

"Bibi, acha."

"Waungue?"

"Ukiendelea, nitakuwa nimeuza kikaango chako."

Nikaacha. Sebuleni Mwalimu akasema, "Makayamba yamekwenda wapi? Kuna waya umelegea."

"Waya umeiva," akajibu jirani, ambaye pua yake ilikuwa imeshafika jikoni. "Leteni chumvi."

Mjukuu alikichukua kikaango kwa mikono yake akaenda kusimama nacho mbele ya kile kiti. "Baba, kayamba ndilo hili. Sitaki ununue kitu ambacho hutakipata nyumbani."

Mkwe akatazama senene, akatazama spika, akatazama blanketi langu lenye simba. Mimi nilikuwa mlangoni, nimegeukia ukuta ili asitaabike.

"Lakini nimeshamwambia mama kwamba nimeipenda," akasema. "Nitamwambiaje tena kwamba sikuipenda?"

"Sema uongezewe na kikaango," jirani akasema.

Mkwe akaomba wimbo ule tena, mtupu, mpaka mwisho. Nikarudi jikoni nikakaa bila hata kugusa kijiko. Ulipokwisha alisema, "Hata bila kayamba ni muziki." Kama ni masikio yake yaliyosema au ni heshima ya ukwe, sijui, na kumuuliza siwezi. Maboksi yalipakiwa siku ileile kwenda Muleba, na Jumatatu mjukuu aliamkia kazini kama mtu mwenye kazi.

Mwalimu mpaka leo anashikilia kwamba kayamba limo kwenye santuri, mimi nilimfuatisha tu mpigaji. Jirani naye anasema senene niliwachoma kidogo, na hilo nalikataa. Kwa mengine, kama ulikuwepo au ulisimuliwa na aliyekuwepo, na unaona nimemkalisha mtu mahali ambapo hakukaa, pita nyumbani uniambie. Kalamu ninayo, nitafuta.