Saini Nilizozikusanya Matangani

Mkuu wa shule alinimiminia kahawa kabla ya kuniambia kwamba mwanangu hafai. Hakulisema kwa maneno hayo. Alisema kijana ana mikono mizuri, kwamba walimu wameona bora aende upande wa ufundi, ajifunze mabomba na mitambo ya kupasha nyumba joto, na kwamba hilo si jambo la aibu. Alizungumza polepole, akitenganisha kila neno, kana kwamba nilikuwa nimeshuka kwenye ndege asubuhi ile. Mimi nilikuwa na diploma yangu ya sekondari kutoka Lubumbashi, niliyoisomea kwa mapadri Wabelgiji, watu wa nchi yake hiyo hiyo. Niliinywa kahawa mpaka mwisho kwa sababu sikujua namna ya kuiacha mezani.

Ilikuwa mwisho wa Juni, katika miaka ya kwanza ya elfu mbili. Wakati ule nilikuwa nasafisha ofisi hapa Brussels, upande wa majengo ya Umoja wa Ulaya. Baba yangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha shaba, na utotoni niliwaona wahandisi wakipita mbele yake bila kumsalimu. Nilitaka mwanangu awe mhandisi. Sikutaka kingine. Yule mwanamke alinifutia jambo hilo huku akiniuliza kama naongeza sukari.

Kuanzia siku ile nilimwekea kisasi. Sitafuti neno laini zaidi. Wako watu wanaokasirika wakalala, wakiamka imepita. Yangu haikupita. Nilikuwa nikikutana naye kwenye sherehe za shule namsalimu kwa adabu, namuuliza hali ya afya, na ndani nasema: siku yako inakuja.

Binti yangu mdogo alipofika umri wa sekondari, mke wangu alitaka aende shule ya karibu na kwetu, mtaa wa Laeken. Nilikataa. Nilisema ile ya kaka yake ni shule nzuri, na ni kweli ilikuwa nzuri, lakini sababu yangu ilikuwa hii: mzazi mwenye mtoto pale anaweza kuchaguliwa kuingia katika halmashauri ya shule. Nikachaguliwa. Kwa miaka miwili nilikaa kwenye vikao nikisikiliza habari za supu na baiskeli, na kila alichosema mkuu wa shule nilikiandika katika daftari. Sikupata kosa hata moja. Alikuwa mtu makini, jambo lililozidi kunikera.

Nilichokuwa nakitafuta kililetwa nyumbani na binti yangu, wakati wa chakula cha jioni, bila yeye kujua. Darasani kwao kulikuwa na mwanafunzi wa miaka kumi na mitano aliyeandikishwa shuleni kama mvulana. Mwaka ule alikuwa amerudi na jina la msichana, nywele zimesukwa, amevaa sketi. Mkuu wa shule alikuwa amelipanga jambo hilo bila kelele. Mtoto angebadilishia nguo za mazoezi katika chumba cha wagonjwa, na angetumia choo cha walimu, ufunguo ukikaa kwa katibu wa shule. Binti yangu alieleza yote haya kama mtu anayesoma ratiba.

"Ni hivyo tu, papa," alisema. "Hakuna mwenye shida."

Usingizi haukunijia haraka. Nilikuwa nimeshika kitu mkononi hatimaye.

Wiki hizo hizo bwana mmoja alikuja kuzungumza katika ukumbi wa kanisa letu, baada ya misa. Alivaa tai ya buluu na alizungumza Kifaransa cha mtu aliyejifunzia darasani, mbali na hapa. Alisema shirika lake lina watu katika nchi nyingi, na kwamba shule za Ulaya zinahitaji wazazi wenye imani, wazazi kama sisi. Wengi walipiga makofi wakaenda kula. Mimi nilibaki. Nilimweleza habari ya shule, na macho yake yakawaka. Baada ya siku mbili nikapokea kwa barua pepe kanuni nzima iliyokwisha kuandikwa. Nilichotakiwa kufanya ni kujaza jina la shule.

Nilijua kwamba ananitumia. Nilidhani mimi namtumia zaidi.

Niliisoma kanuni ile mbele ya halmashauri kwa sauti ya juu, nimesimama. Ilisema wanafunzi watatumia vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo na mabafu ya kuogea kufuatana na jinsia iliyo katika kitambulisho. Mkuu wa shule alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bwana," alisema, "sisi hapa hatuna mabafu ya kuogea."

Wengine walicheka, wala si kwa ubaya. Niliikagua karatasi, nikaona inataja pia wilaya ya shule na jimbo, vitu visivyokuwepo hapa. Bwana wa tai alikuwa ameiandika kwa ajili ya nchi nyingine, akaibadilisha lugha tu. Mama mmoja Mbelgiji aliuliza swali ambalo lilikuwa la haki: je, binti yake atalazimika kuvua nguo mbele ya mwanafunzi huyo? Mkuu wa shule akamweleza habari ya chumba cha wagonjwa. Mama yule akasema basi, kwake hilo linatosha. Na lingetosha kwa kila mtu, kama pale mezani pangekuwa na watu waliomfikiria mtoto. Hata wale wa upande mwingine, waliosema wanamtetea, waliokuja shuleni mwezi uliofuata na vijitabu vyao vya rangi, sikusikia kwamba walimuuliza mtoto mwenyewe anataka nini. Lakini hao si kosa langu. Nasimulia la kwangu.

Mwenyekiti wa halmashauri alisema pendekezo la mzazi mmoja haliwezi kupigiwa kura. Bwana wa tai, nilipompigia simu, alisema jambo ni rahisi: leta saini.

Sasa, niliwajua watu wetu. Kama ningewaita wazazi wa Katanga, jimbo la kwetu Lubumbashi, na kuwaeleza habari ya choo cha mtoto mmoja, wangeniuliza kama sina kazi. Nikatafuta njia nyingine. Nilikuwa katibu wa chama chetu cha watu wa Katanga, na kwenye kila matanga mimi ndiye niliyekaa mlangoni na daftari la wafiwa. Kwetu mtu akifika kwenye kilio lazima aandike jina na kusaini, ili familia ijue baadaye nani alikuja kulia nao. Usiposaini ni kama hukufika. Na hakuna anayesoma. Nani atasoma, macho yamejaa machozi?

Mzee mmoja wa Likasi alifariki, na matanga yalikuwa Jumamosi mchana katika ukumbi uleule wa kanisa. Niliweka daftari mezani, na pembeni yake nikaweka karatasi zangu, zimekunjwa juu ili ionekane mistari na nafasi za saini tu. Kila aliyemaliza kusaini daftari nilimsogezea karatasi. "Na hapa pia, maman. Na hapa pia, tonton." Akina mama na akina mjomba, walisaini wote. Karatasi zilijaa kabla chakula hakijaletwa.

Saa tisa hivi aliingia mama wa yule mtoto.

Hapa ndipo ningependa kusema sikumtambua. Nilimtambua. Alikuwa akiimba pamoja na mke wangu katika kwaya, sauti ya pili. Habari ya mtoto wake hakuwa amemwambia mtu kanisani. Mimi niliijua kwa binti yangu. Alikuwa analia, maana marehemu alikuwa mjomba wake wa mbali. Alisaini daftari. Ningeweza kuigeuza karatasi, ningeweza kuiwekea mkono. Nilimpa kalamu tena, nikamwonyesha mstari. Akasaini, akaniambia asante.

Kwenye kikao kilichofuata niliziweka karatasi mbele ya mkuu wa shule. Alizipitia moja moja, kidole kikishuka taratibu. Kwenye karatasi ya tatu kidole kikasimama. Mama yule alikuwa ameketi ofisini kwake mara nyingi. Wao wawili ndio waliopanga pamoja habari ya ufunguo.

"Hata mama yake?" aliniuliza.

"Hata mama yake," nikasema.

Nilimwona uso unavyobadilika. Nilikuwa nimeungoja uso ule miaka mingi, na nitasema ukweli: ulikuwa mtamu. Hakubisha tena. Nadhani alifikiri mama amegeuka, amemchoka mtoto, na kwamba yeye amekuwa akimtetea mtoto dhidi ya mzazi. Wenye shule waliogopa ghasia, wakaikubali kanuni, wakafuta tu neno mabafu. Ufunguo ukarudishwa. Mkuu wa shule aliomba kuondoka mwisho wa mwaka. Siku ya kumuaga nilikwenda, nikamshika mkono, nikamwambia nadhani atapata kazi nzuri kwingine, ana mikono mizuri. Hakunielewa. Nilikwenda peke yangu mpaka uwanja wa Flagey, nikaketi nje, nikaagiza bia, nikacheka.

Mwanangu nilimsimulia Jumapili iliyofuata, nikitarajia afurahi. Alikuwa na gari lake la kazi wakati huo, lenye jina lake mlangoni. Alinisikiliza akiwa anafunga mabomba chini ya sinki yetu.

"Papa, mimi naipenda kazi yangu," alisema kutoka chini. "Hukuniuliza hata siku moja. Ile vita ilikuwa ya kwako."

Karatasi zilikuwa zimetolewa fotokopi kwa wajumbe wote. Mtoto wa mjumbe mmoja akaipiga picha karatasi ya tatu, na ikazunguka kwenye simu za darasa. Binti yangu aliniambia yaliyofuata huku hanitazami. Yule mwanafunzi aliambiwa aende choo cha wavulana, akawa haendi kabisa. Aliacha kunywa maji kuanzia asubuhi, akajibana mpaka jioni, akaugua. Na nyumbani hakutaka kuongea. Aliiona saini ya mama yake kwa macho yake. Mama alimwapia kwamba alisaini kilio. Mtoto akamwambia hakuna mtu anayesaini asichokijua. Akahamia kwa mama yake mdogo, mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, na shule akabadilisha.

Mama alikuja kwangu. Hakutaka kuketi.

"Papa, mi nilisaini kilio," alisema. "Unajua nilisaini kilio. Bon. Kuja umuambie mutoto, basi. Siombi kitu ingine."

Nilimwambia nitakuja. Sikwenda. Kwenda kulikuwa na maana ya kukiri kwamba katibu wa chama aliwaibia watu saini mbele ya maiti, na cheo kile ndicho pekee nilichokuwa nacho katika mji huu. Alirudi mara ya pili, nikamwambia mke wangu aseme sipo. Mara ya tatu hakuja. Baadaye nikasikia amerudi Lubumbashi kumuuguza mama yake, na kwamba mtoto humpigia simu siku ya Mwaka Mpya tu.

Bwana wa tai alinitumia kijitabu. Ndani kulikuwa na picha yangu nimeshika zile karatasi, na chini yake maneno kwamba wazazi wa Kiafrika wa Brussels wamesema. Hakuwa ameniomba ruhusa. Nilimpigia simu nimtukane, namba ikawa haipatikani tena. Kama ningemwona siku ile ningempiga, kwa umri wangu ule. Lakini nikajiuliza ningempiga kwa kosa lipi. Yeye alileta karatasi. Nani alimletea kalamu mama yule?

Miaka ikapita. Mwishoni mwa muongo uliofuata, binti yangu akapata mtoto wake wa kwanza. Nilinunua kofia ya sufu, nikampigia nijue saa ya kuja hospitali.

"Usije," alisema. "Nenda kwanza umwambie yule wa darasa letu. Ukishamwambia, utamwona mjukuu wako."

Akanipa anwani ya duka la dawa anakofanya kazi.

Nilichukua tramu kwenda Berchem asubuhi. Nilimtambua kwa sababu anafanana na mama yake: paji lile lile, na namna ile ya kuinua kidevu. Alikuwa msichana mrefu katika koti jeupe, na wateja walimwita Mademoiselle, yaani binti, bila kufikiri. Nilingoja zamu yangu nyuma ya mzee mmoja Mzungu. Nilipofika mbele nilisema mimi ni nani, na nikasema haraka haraka, kwa Kifaransa, kwamba mama yake hakujua anachosaini, kwamba nilimdanganya.

Hakulia, wala hakuniambia niondoke. Alitoa simu mfukoni, akapiga, akaiweka kwenye kaunta na sauti ikiwa wazi.

"Maman, kuko papa mumoja hapa," alisema. "Anataka kukuambia kitu. Sema, papa. Sema Kiswahili, asikie muzuri."

Nilisema. Nilieleza matanga, karatasi zilizokunjwa, na kwamba nilimjua alipoingia. Nyuma yangu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Yule mzee Mzungu alikuwa bado anapanga dawa zake kwenye mfuko, na lazima aliwahi kuishi kwetu, maana niliposema kilio aliacha kupanga akainamisha macho.

"Rudilia," mama akasema.

Nilirudia. Safari hii sauti yangu ilikuwa chini, na mama akasema haisikiki.

"Na mimi nilikuwa nafanya nini, saa ile unanipatia kalamu?"

"Ulikuwa unalia."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia asante."

Nikamsikia akivuta pumzi, huko Lubumbashi. Niliinua macho nimtazame msichana, nikitafuta kama yatosha. Sura yake ilikuwa imefungwa, kama yangu ilivyokuwa ile siku ya kikao.

"Rudilia tena, papa," mama akasema. "Tangu mwanzo. Pole pole."

Msichana akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo wangu, kisha akamwambia mteja aliyefuata asubiri kidogo, kwamba bado hatujamaliza.