Ndoo Yao, Kamba Yetu

Hebu fikiria basi la kitongoji cha Hayes, huku ughaibuni, asubuhi ya mvua. Bibi mmoja wa Kizanzibari ameketi na mjukuu wake, aliyefungua ramani ya bahari ya kaskazini kabisa, kwenye barafu, Norwei inapopakana na Urusi. Kesho mtoto atasimama darasani aeleze kama majirani hao, waliokosana, waendelee kugawana samaki. Daftari lake bado ni tupu.

“Lakini Bibi, hawapendani,” alisema kwa Kiingereza.

“Kwani wanaoana?” Bibi alishusha miwani. “Sie na nyumba ya pili tulinuniana mpaka nikaolewa. Kisima kimoja, ndoo yao, kamba yetu. Salamu hakuna, lakini mama hakuificha kamba hata siku moja.”

“Kwa nini?”

“Aifiche, halafu sie tuchotee nini?”

Mtoto alicheka, akaanza kuandika.

Mimi, kiti cha nyuma yao, nilikumbuka kisima cha kwetu, na ndoo ikigonga ukuta alfajiri. Siku hizi kila mtu ana bomba lake, na kununa kumekuwa rahisi mno.

Ukinuniana na jirani wiki hii, nakuomba ukumbuke jambo moja: mtoto wake naye ataamka na kiu.