Upanga wa Kijapani kwenye Banda la Maganga

BUSERESERE. Saa moja asubuhi, Maganga anafua chuma peke yake. Kamba ya mvukuto ameifunga mguuni, maana hakuna wa kumvukutia. Mguu unapuliza moto, mkono unapiga nyundo.

Kaka zake, hata mwanawe Innocent, wote wamekwenda kwenye mashimo ya dhahabu Geita. Katika ukoo wake wa Warongo, wahunzi wa tangu na tangu, amebaki yeye.

"Siku nyingine naongea na fuawe hili ninalofulia," anasema. "Angalau halibishi."

Mwezi uliopita jirani yake Mbuke, mjane, alimletea upanga uliopinda kidogo. Babu yake Mbuke alirudi nao kutoka vita vya Burma, walikopigana na Wajapani.

"Baba Innocent, ukate unitolee miundu miwili. Mpunga umeiva."

Maganga akang'oa mpini. Chuma kilichokuwa kimefichwa humo kilikuwa na kutu nyeusi na maandishi ya kigeni. Akafanya alivyofundishwa na baba yake: chuma cha mtu hakirudi na kutu. Akasugua kwa mchanga na majivu. Alipofika kwenye makali akaona mstari mweupe, unapanda na kushuka kama mawingu. Akaacha kusugua.

Mwalimu Sostenes wa sekondari alimtumia picha mjuzi wa panga za Kijapani. Jibu likaja: huenda ni wa shule ya wahunzi wa Bizen, huko Japani, waliorithishana ufundi kwa karne nyingi. Mstari ule huletwa na udongo unaopakwa upangani kabla ya kuupasha moto na kuuzamisha majini. Maandishi yale ni jina la aliyeufua. Na kutu ya chini ya mpini ndiyo inayoonyesha umri wake, haiguswi.

"Nimemfuta jina mhunzi mwenzangu," anasema Maganga. "Limebaki nusu."

Akafua miundu kwa springi ya lori, akamwomba Mbuke amwachie upanga.

"Kwani unataka kuuoa?" Mbuke akacheka.

"Nataka uwe hapa tu, mayu, mama yangu. Aliufua mtu kama mimi."

Mbuke akauchukua upanga. "Mimi nilileta chuma. Wewe umeniambia ni mzee. Sasa mzee wangu nitamwachaje kwa jirani?"

Akaufunga kwenye khanga, akaondoka nao pamoja na miundu yake.

Leo Maganga amepaka udongo wa kichuguu kwenye mgongo wa kisu, autafute mstari ule. Visu vilivyotangulia vilipasuka majini. Hiki kikitoka kizima, atakichonga jina lake mwenyewe, jambo ambalo wazee wake hawakulifanya, kisha atampelekea Innocent machimboni.

"Sitamwambia arudi. Akishike tu, auone ule mstari. Labda ataniuliza umetokeaje."