Nilivyopeleka tanki la pikipiki kwa fundi wa kuchomelea Kinondo, na neno nililomwambia

Wakuu, salaam.

Naandika hapa jambo ambalo hata mke wangu halijui. Siongezi chumvi, na sitajitetea.

Mimi ni bodaboda huku Diani. Pikipiki yangu ni ya zamani, niliachiwa na marehemu baba, na tanki la aina ile siku hizi hulipati hata kwa dawa. Mwaka jana kishikizo cha kifuniko cha mafuta kilivunjika, kile kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye mdomo wa tanki. Kifuniko kikawa hakishiki tena.

Nikafanya kama tunavyofanya wote: tambara, na mpira wa tyubu juu yake.

Kila tuta petroli inaturukia mapajani. Abiria wakaanza kunikwepa. Mwalimu mmoja niliyekuwa nikimbeba kila asubuhi akaniambia amechoka kuingia darasani ananuka kama kibatari.

Basi nikaenda kwa Fundi Bakari, Kinondo. Mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa welding anayeaminika upande wote huu. Akaniambia nilifungue tanki, nimwage mafuta, nilioshe vizuri kwa maji na sabuni, kisha nimpelekee.

Sasa mlio wenyeji mnayajua maji ya visima vya huku. Ni ya chumvi, hata chai yake hainyweki. Na muuza maji matamu siku hiyo hakuonekana na mkokoteni wake.

Nikawaza, nikitia maji haya ndani ya tanki la baba, baada ya mwezi ni kutu tupu. Nikaimwaga petroli yote, nikaligeuza tanki juani kama nusu saa, nikachungulia. Kavu kabisa. Nikajiona mjanja.

"Umeliosha?" fundi akaniuliza.

"Nimeliosha, fundi."

Hakuuliza mara ya pili. Akavaa miwani yake ya jua, akasema bismillahi, akaanza kuchomelea.

Wakuu, tanki tupu ndilo la kuogopa. Petroli huondoka, mvuke wake hubaki ndani, na mimi sikulijua hilo. Yeye alilijua, ndiyo maana aliuliza.

Lilipasuka kwenye mshono. Fundi alianguka chali, mikono usoni, damu ikitoka katikati ya vidole. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma na sikupata hata mkwaruzo.

Tulimkimbiza hospitali ya Msambweni kwa tuktuk. Jicho moja lilitolewa. La pili linaona mwanga tu, mtu hamtambui mpaka aseme.

Humtembelea kila Ijumaa. Mkewe huniombea dua kwa sababu mimi ndiye niliyembeba siku ile, na kila akiniombea najichukia zaidi.

Mtaani wanasema Bakari alizeeka, akawa mzembe. Wateja wamehamia Ukunda. Mwanawe aliyeshika karakana anashinda amekaa. Fundi ni jina, na jina la mzee yule limekwisha.

Ijumaa iliyopita nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanishika mkono, hakuuachia.

"Ile asubuhi imenifutika kichwani," akasema. "Miaka yote hii sijawahi kuligusa tanki bila kumuuliza mwenyewe kama ameliosha. Niambie kweli, mwanangu. Wewe nilikuuliza?"

Nilikuwa nimekwenda na nia ya kusema. Wallahi nilikuwa nayo tangu nyumbani.

Nikamwambia, "Hukuniuliza, fundi."

Akauachia mkono wangu.

"Basi kosa ni langu," akasema. Kisha akamwita mkewe aniletee chai.

Funzo la tanki ni jepesi: kabla ya moto, lioshe na ulijaze maji, hata kama ni ya chumvi. Kutu husuguliwa. Hilo jingine sijui nilipe jina gani.

Ijumaa ndiyo hiyo inakuja. Aliyewahi kuubeba mzigo wa namna hii aseme aliutuaje. Na mwenye tusi asijizuie, nitasoma yote.